Swila Chini ya Makuti

Nilimuona yule nyoka kabla ya mume wangu. Nalisema hili mwanzo ili mtu asije akanionea huruma bure. Nilimuona mchana kweupe, kwa macho yangu mawili mazima, na sikusema kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo. Watu wa mjini siku hizo za vunjajungu huteremka pwani, Uroa na kwengineko, na masufuria yao na spika zao. Ukoo wa mume wangu hauteremki, unapanda. Wana kipande cha shamba Kidichi, mabaki ya shamba kubwa la babu yao ambalo wao wenyewe hawapendi kulizungumza, na kila mwaka huenda kupika pilau huko. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeweka utaratibu: gari inaachwa Bububu, kila mtu anabeba alichopangiwa, na watu wanatembea mpaka shamba. Alisema anayekwenda kula kama vile hatakiona tena chakula lazima kwanza akitolee jasho. Yeye alikufa, utaratibu haukufa. Ukimwambia mama mkwe tupande na gari mpaka juu atakutazama kama umemwambia mkale mchana wa Ramadhani.

Mwaka huu nilidhani tutasamehewa. Siku tisa nyuma tulikuwa tumezika mtoto.

Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, mwanamme, na aliishi siku thelathini na tatu. Jioni moja alipata homa, wala si homa kubwa. Nikampa dawa ya maji tuliyopewa zahanati, akanyonya, nikalala naye kitandani, mimi upande mmoja, baba yake upande wa pili. Nilipoamka kwa adhana ya alfajiri alikuwa ameshapoa. Hayo ndiyo yote. Waliokuja kutupa pole walitaka kisa kirefu zaidi, niliwaona kwenye nyuso zao, lakini mimi sina kirefu zaidi ya hicho. Nilikuwa sijalala siku nyingi, na siku hiyo nikalala.

"Kazi ya Mungu haina makosa," wakaniambia. Nikawajibu ndiyo. "Huyo kakutangulia, atakungojea mlangoni peponi." Nikawajibu inshallah. "Mungu atakupa mwengine." Hapo sikujibu, lakini niliwamiminia chai.

Sikulia, na naomba isidhaniwe kuwa ni ushujaa. Ukishawahi kung'olewa jino unajua: unajigusa shavu, unajua ni lako, lakini shavu lenyewe halina habari. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula nilichowekewa. Nilikoga. Nilikunja nguo ndogo ndogo nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, mkono wangu ukizikunja vizuri tu, kona kwa kona, na mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama, akaenda zake kulia chumbani kwake. Kwa siku thelathini na tatu watu wote wa ujia wetu, pale Malindi, waliniita mama fulani, kwa jina la mwanangu. Siku ya thelathini na nne wote wakarudi kwenye jina langu la zamani, utadhani wameagizana.

Na mume wangu akaacha kusema na mimi. Sisemi tuligombana. Tulikuwa tunapishana kwenye korido kama wapangaji, yeye akinipisha, mimi nikimpisha. Yeye ni fundi simu, ana kibanda chake Darajani, na macho ndiyo mtaji wake. Anaweza kuunganisha waya mwembamba kuliko unywele wakati wateja watatu wanamsemesha. Kazi hiyo imemtia tabia moja: kitu chochote akitaka kukitazama lazima akiinamie, apeleke uso mpaka karibu kabisa. Hata mtoto alipozaliwa alimtazama hivyo hivyo, pua kwa pua, kama anayetafuta palipokatika. Baada ya mazishi alikuwa akitoka asubuhi na kurudi magharibi, anakula, analala kwenye kochi. Mimi nilijua anafikiri nini. Anafikiri: mama gani huyu, analala mtoto anakufa ubavuni mwake. Sikumlaumu. Nilikuwa nikifikiri hivyo hivyo.

Kitu kimoja tu nilikifanya siku zile kwa hiari yangu, na nilikifanya kwa siri.

Siku ya pili ya matanga mama mkwe alinifunga kifua kwa kanga, akaikaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, akaniambia nisikamue hata tone. "Ukikamua hayakatiki, mwanangu. Yaache yakuume siku mbili tatu, yatakata yenyewe." Nikamwambia ndiyo, Mama. Na kila asubuhi, na tena kila alasiri, nilikuwa naingia bafuni, nafungulia mfereji ili maji yapige kelele kwenye ndoo, nafungua kanga, nakamua kwenye taulo, nafunga tena. Kwa nini, sijui. Nisingeweza kumwambia mtu yeyote kuwa ilikuwa huzuni, kwa sababu huzuni sikuiona. Niliona tu kwamba mwili wangu bado unamngojea, na sikutaka kuwa mimi nitakayeuambia. Siku ya tano mama mkwe aliniuliza kama yamekata. Nikamwambia yamekata.

Arubaini yangu ya uzazi ikatimia Alkhamisi. Jumamosi tukenda Kidichi.

"Nyumba ikikaa na msiba haifai kukaa nao mpaka ukaota mizizi," alisema mama mkwe. "Tutakwenda, tutapika, tutarudi. Hata asipocheka mtu." Tulikuwa watano tu: mama mkwe, shangazi yake mume wangu, wifi yangu aliyeendesha gari, mume wangu na mimi. Shangazi ni mtu wa kujua. Dini anaijua kwa redio. Ana redio ndogo anayoisikiliza tangu alfajiri mpaka anapolala, na hukumu zote za masheikhe zimo kichwani mwake, zimechanganyika. Ukipiga chafya anakwambia hukumu yake. Mimi aliniambia, siku ya tatu ya msiba, kuwa mama asiyemlilia mtoto ana daraja kubwa sana. Nikamwambia Mungu amjaalie na yeye. Wifi akatoka nje kucheka.

Tukaacha gari Bububu tukaanza kupanda. Jua la kaskazi lilikuwa limeshakuwa kali. Mume wangu alibeba sufuria kubwa kichwani na mchele ndani yake; wifi dumu la maji la lita ishirini, akilihamisha mkono huu na huu; shangazi alibeba redio. Mimi nilipewa mkeka tu, kwa kuwa ni mzazi, ndio kwanza nimetoka arubaini. Hakuna aliyelitamka neno hilo, lakini kila nilipotaka kubeba kitu mtu alinipokonya. Tulipita mashamba ya viungo ambako watalii walikuwa wakinusishwa majani ya mdalasini, na kijana mmoja akawa anamsukia mzungu kofia ya makuti. Mume wangu alikuwa mbele hatua kumi. Nilitazama visigino vyake njia nzima. Shangazi alisema kuwa mwaka jana njia ilikuwa fupi zaidi.

Shamba linaangaliwa na mama mmoja wa hapo hapo Kidichi, mtu mkavu, mfupi wa maneno, ambaye sijawahi kumuona amevaa viatu. Alikuwa ameshapanga mafiga matatu chini ya mfenesi na kufagia mahali pa kukaa. Kuni alikuwa nazo kidogo. "Vifuu vipo kule nyuma," akasema, "chini ya yale makuti. Chukueni mnachotaka." Mume wangu akatua sufuria, akaenda. Mama mkwe akaniambia nifuatane naye nikamsaidie kubeba. Nadhani alitaka tusemeshane. Nikamfuata.

Nyuma ya kibanda palikuwa na rundo la makuti makavu, marefu, yamelaliana. Karibu yake palikuwa na pipa lililokuwa likivuja, na ardhi chini yake ilikuwa mbichi. Mume wangu alishika kuti la juu akalivuta pembeni. Chini yake palikuwa na vifuu, na juu ya vifuu palikuwa na kitu cheusi, kinene kama mpira wa kumwagilia maji, kimejikunja.

Yeye alidhani ni mpira. Alinambia baadaye, na ninamuamini, kwa sababu alisema peke yake kwa sauti ndogo, "Mpira mzuri huu, kautupa huku." Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na kichwa. Nilikiona kikijitenga na mwili. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Niliona shingo ikianza kutanuka. Nilijua ni swila. Hakuna mtoto wa Unguja asiyeambiwa habari za nyoka anayetema mate kwenye macho. Nilikijua kila kitu kilichofaa kujulikana. Nikamuona mume wangu akiinama, akipeleka uso wake karibu, kama kawaida yake.

Nilikuwa na wakati. Si mwingi, lakini wa neno moja ulikuwepo. Neno lenyewe nilikuwa nalo, lipo hapa mdomoni, na halikuwa na haraka ya kutoka. Nilisimama na mikono yangu nimeining'iniza, nikitazama jambo litakavyokuwa.

Sauti ya mate ya swila ni ndogo sana. Mume wangu alirudi nyuma, akakaa chini kwa makalio, akajishika uso kwa mikono miwili. Hakupiga kelele mara moja. Kwanza alisema, kwa mshangao, "Ah." Kisha maumivu yakafika, na hapo akalia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata makaburini. Nyoka akateremka kwenye vifuu, akaingia chini ya rundo, akaenda zake.

Wote wakaja mbio. Wifi alimmwagia maji ya dumu usoni, maji yetu ya pilau, akimwambia fumbua, kaka, fumbua, na yeye hakuweza kufumbua. Kope zilikuwa zimejifunga na kuvimba papo hapo. Mama mkwe alikuwa akisoma dua. "Usisugue," yule mama wa shamba akamwambia, akamshika mikono kwa nguvu. "Ukisugua unapofuka." Neno hilo lilipotamkwa mume wangu akanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kazi yangu."

Wifi akalitua dumu. Robo tatu ilikuwa imekwisha, nyingi imeingia mchangani. Gari ilikuwa Bububu. Akasema atatafuta bodaboda barabarani akaichukue, akakimbia, viatu mkononi.

"Maji hayo yatakwisha," alisema mama wa shamba. "Dawa yake sisi hapa ni maziwa. Ya mama anayenyonyesha. Hayo ndiyo yanayoikata sumu. Nani kati yenu mzazi?"

Hakujua. Hakuna aliyemwambia habari zetu. Mwaka uliopita alituona, mwaka huu ametuona tena, basi. Mama mkwe alifumba macho. Shangazi akaanza kumnong'oneza kuwa mzazi alikuwepo, lakini mtoto, unajua, siku tisa hizi. "Na maziwa tumeshayafunga," mama mkwe akamalizia. "Yamekata zamani."

"Yapo," nikasema.

Mama mkwe alinitazama. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kanga. Hakuuliza, aliona mara moja, maana kanga ilipolegea tu blauzi ikarowana mbele, na siku zote za uongo wangu zikawa wazi pale mbele ya watu. Alisema tu, "Ewe mwanangu," na akapeleka mkono mdomoni.

Nikapiga magoti kichwani mwa mume wangu. Hapo ndipo shangazi aliponishika bega.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, ngoja. Haifai hiyo. Ukimtia maziwa yako atakuwa mwanao wa kunyonya. Mtoto wa maziwa hamuoi mamaye. Ndoa imekwisha hapo, imebatilika. Nimesikia mwenyewe."

"Shangazi, macho yanateketea," mama mkwe akasema.

"Macho ni ya dunia. Hawa watakuja kuishi kwenye zinaa bila ya kujua. Atafutwe ng'ombe. Hapana ng'ombe hapa? Hapana mzazi mwengine jirani?"

Mume wangu alikuwa amelala chali, uso umevimba, anasikia yote. Nilimtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kwa kuwa hakuweza kunitazama na yeye. Ndevu hakuwa amezinyoa. Nilikuwa nikijiuliza nahisi nini na sikupata kitu, ila uchovu wa kumsikiliza shangazi.

"Basi na ibatilike," nikasema.

Mama mkwe akavua mtandio wake akaushika juu yetu kuwa pazia, ingawa hapakuwa na wa kufichwa. Mama wa shamba akamfungua kope za jicho la kushoto kwa vidole vyake vyenye sugu, nami nikakamua. Yalitoka mengi. Yalitoka kwa nguvu, kama vile yamengojea mtu awaye yote. Yaliingia jichoni, yakafurika, yakateremka shavuni mpaka ndani ya sikio. Kisha jicho la kulia. Mume wangu alikuwa akifungua mdomo kwa maumivu, na kila akifungua shangazi alimziba kwa kiganja asije akameza. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, wanawake wanne juu ya mtu mmoja: mmoja kashika pazia, mmoja kope, mmoja mdomo, na mimi. Kama ningekuwa na akili zangu ningecheka. Mkono wake mmoja ulikuwa umelipata pindo la kanga yangu na kulikamata, wala haukuliachia mpaka gari ilipokuja.

Ndani ya gari shangazi alimpigia simu sheikh wa msikiti wetu. Aliweka sauti juu tusikie wote. Akamueleza kila kitu, nyoka, makuti, maziwa, na kiasi cha maziwa kwa makadirio. Sheikh akasema: "Bibi, jicho si mdomo. Na mtu mzima hanyonyi akawa mtoto. Mke ni mkewe. Mpelekeni hospitali, mnangoja nini?" Shangazi akasema alhamdulillahi, akakata, akasema ndivyo hasa alivyokuwa akidhani. Wifi alikuwa akiendesha huku machozi yanamtoka na huku anacheka. Mume wangu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Hakusema kitu kuhusu mke kuwa mkewe.

Hospitali walimsafisha macho kwa chupa za maji ya chumvi, moja baada ya nyengine, saa nzima. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. Nilipomwambia habari ya maziwa hakunicheka. Alisema maji mengi yanatosha, kitu chochote cha kuitoa sumu haraka, lakini mara nyengine nisitie kitu kisicho safi jichoni. Mara nyengine. Nikamwambia sawa. Ngozi ya juu ya kioo cha jicho imeungua, akasema, macho yote mawili. Huenda ikaota tena, huenda likabaki kovu, na kovu likibaki ataona ukungu maisha yake. Siku tatu tutajua. Alimfunga pamba na plasta, akanipa kichupa cha dawa: kila baada ya saa nne nimfungue, nimtie tone moja kila jicho, nimfunge tena. Asifumbue hata kidogo isipokuwa wakati wa dawa.

"Akifumbua anaona nini?" mama mkwe akauliza.

"Sasa hivi, mwangaza tu," akasema daktari.

Basi nikawa na kazi. Kila saa nne nilikaa kitandani, nikaweka kichwa chake mapajani, nikabandua plasta taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili na meupe katikati. "Unaona nini?" nilimuuliza kila mara. "Mwangaza," alinijibu kila mara. Siku ya kwanza hatukusema jengine. Mama mkwe hakunitaja maziwa. Alikuja tu asubuhi na kanga safi, akaiweka juu ya kitanda, akatoka. Sikwenda bafuni siku hiyo. Sikukusudia. Nilipokumbuka alasiri ilikuwa imeshapita.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, mama mkwe na shangazi walikwenda sokoni kununua vitu vya futari. Nyumba ikabaki sisi wawili. Nikamuweka kichwa mapajani, nikabandua plasta zote mbili, nikamtia tone jicho la kushoto. Alifumba, dawa ikamtoka pembeni, nikamfuta kwa ncha ya kanga.

"Nataka kukwambia kitu," nikasema.

"Naam."

"Yule nyoka nlimuona. Kabla yako."

Hakujitikisa. "Kabla kiasi gani?"

"Kiasi cha kukwambia."

Nje mtu alikuwa akiuza samaki, akipita na kengele ya baiskeli. Nilimngojea apite. Nilifikiri mume wangu atainuka, au atanipiga, ingawa hajawahi, au atasema lile ambalo nilijua analo tangu alfajiri ile. Nilikuwa tayari kulisikia. Kusema kweli nilikuwa nalitaka.

"Kwa nini hukusema?"

"Sijui. Sikutaka upofuke. Sikutaka chochote."

Macho yake yalikuwa yamefumba na kope zinacheza.

"Mtoto mimi nlimsikia," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza kumsikia vipi.

"Usiku ule. Alikuwa anaguna. Si kulia, kuguna tu, mara mbili tatu, anapumzika, anaguna tena. Nlikuwa macho. Nkasema mama yake yupo ubavuni, atamsikia, ataamka. Nkageukia ukutani." Akameza mate. "Nkalala. Sikuweza kukutazama tena, kwa sababu kila nikikutazama nakuona umelala na mimi niko macho."

Nilikuwa bado nimekishika kichupa. Kwa muda sikujua ni nini kinachonipanda. Kilianzia miguuni, kikapanda, kikawa na moto, na kilipofika kifuani ndipo nilipokitambua: hasira. Nilimchukia mume wangu. Nilimchukia pale pale, na kichwa chake mapajani mwangu, chuki safi isiyochanganyika na kitu. Siku kumi na moja nilikuwa nimejibebesha mauti yale peke yangu na yeye ananiachia nibebe, ananipisha kwenye korido. Kisha nikakumbuka nilivyosimama mbele ya makuti na mikono yangu nimeining'iniza, na hasira ikanigeukia na mimi. Usiku ule tulikuwa wawili pale kitandani, mtoto yuko katikati, na kila mmoja alimuachia mwenziwe. Niliinua kichupa juu ya uso wake.

"Jicho la kulia bado," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka nzito, kama ya mtu mwengine.

Akafumbua. Akafumbua yote mawili, akayaelekeza kwangu, akapepesa, akakunja paji la uso kama akiwa kibandani na simu ya mtu mkononi.

"Umekasirika," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Umeuma mdomo. Na unalia." Aliinua mkono wake polepole, akaushusha. "Nakuona."

"Basi nitazame," nikamwambia, na nikainamisha uso wangu mpaka karibu kabisa na wake, asije akasema hakuona vizuri.